Yaliyoachwa Wazi Mwaka 1979

Fundi anayeunganisha mita ya umeme au kidhibiti cha pampu na kompyuta ya kiwanda hukutana kwanza na fomu ndefu ya mipangilio: namba ya kifaa, muda wa kusubiri jibu, mara ngapi kujaribu tena, anwani zianzie sifuri au moja, rejista ipi itangulie. Wengi huiona kuwa usumbufu tu wa programu. Kwangu fomu hiyo ni hati ya historia. Karibu kila kisanduku chake kinatokana na jambo ambalo kampuni ya Modicon, ya Massachusetts nchini Marekani, iliamua au iliacha bila kuamua ilipotoa itifaki ya Modbus mwaka 1979.

Modicon ilitokana na kazi ya Dick Morley na wenzake, waliotengeneza mwishoni mwa miaka ya 1960 kidhibiti cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei. Modbus ilibuniwa ili vidhibiti hivyo vizungumze, kwa hiyo data zake zikafuata umbo la kumbukumbu yao: hali za kuwaka na kuzima, na rejista za biti 16, kila moja ikibeba namba kuanzia 0 hadi 65,535. Kuhesabu chupa, hiyo ilitosha. Lakini kipimo chenye desimali kwa kawaida huhitaji biti 32, yaani rejista mbili, na kiwango cha IEEE 754 cha kuandika namba za namna hiyo kilitolewa mwaka 1985, miaka sita baadaye. Modbus haikusema rejista ipi itangulie, na kila mtengenezaji akachagua lake. Anayekosea hapo haonyeshwi kosa lolote: namba kamili 1 husomeka 65,536, na kipimo cha 100 chenye desimali hugeuka namba ndogo mno, ambayo kwenye skrini huonekana kama sifuri. Mawasiliano ni mazima, taarifa ni ya uongo, na mwendesha mtambo anaiamini. Anwani nazo zina mkanganyiko wake, maana rejista ambayo vitabu vya Modicon viliiita 40001 husafiri kwenye waya kama 0.

Muda wa kusubiri una asili hiyohiyo. Kwenye waya mmoja kifaa kikuu huuliza na vingine hujibu kwa zamu. Kikipata ukimya, hakiwezi kujua kama kilichoulizwa kimekufa au kimechelewa. Ukiweka sekunde moja na majaribio matatu, kifaa kimoja kilichozimwa kitavichelewesha vingine vyote sekunde tatu kila mzunguko. Ndiyo maana programu za leo hukiruka kwa muda kifaa kisichojibu.

Itasemwa kwamba huo ulikuwa uzembe wa wabunifu. Sikubali. Vifaa vya wakati ule vilikuwa na kumbukumbu finyu, na itifaki fupi iliyochapishwa wazi iliweza kutumiwa hata na mtengenezaji mdogo. Kuenea kwake kulitokana na ufupi huo, ingawa gharama yake aliachiwa fundi wa kufunga.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mambo hayo yamekwisha. Mtandao wa viwandani wa Profibus, wa Ujerumani, ulileta faili za GSD, ambamo mtengenezaji mwenyewe anaeleza sifa za kifaa chake, na mwaka 1996 kiwango cha OPC kikaziwezesha programu za kompyuta kuelewana. Hatua hizo zilikuwa kubwa kweli. Lakini OPC ilipatanisha programu. Chini yake bado kuna draiva inayopaswa kuambiwa kifaa kina tabia gani. Na juhudi za kuunda mtandao mmoja wa viwandani hazikuleta umoja: kiwango cha IEC 61158, baada ya mabishano ya miaka mingi, kilipitishwa kikiwa na aina nane ndani yake. Modbus yenyewe ilipohamishiwa Ethaneti mwaka 1999, ilibaki na rejista zilezile za biti 16, na tofauti za watengenezaji kuhusu mpangilio wake hazikuisha. Hata namba ya kifaa ilibaki katika kila ujumbe, kwa kuwa nyuma ya lango la mtandao mara nyingi kuna waya wa zamani wenye vifaa vinavyosubiri kuitwa kwa zamu.