Gurudumu Pana na Gharama ya Barabara

Septemba iliyopita nilikwenda nyumbani Singida, nikamkuta mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ameupindua mkokoteni wake chini ya mwembe na magurudumu yanatazama juu. Yeye huishi kwa kuuza maji. Kila safari hupakia madumu 6 ya lita 20, yaani kilo 120 za maji, na mkokoteni wenyewe una uzito wa kilo 30 hivi. Magurudumu yake mawili yalikuwa ya baiskeli. Njia ya kutoka kisimani hukatiza korongo lenye mchanga, na hapo tairi nyembamba huzama kama kisu kwenye ugali.

Aliamua kufunga magurudumu mapana ya pikipiki, nami nikakaa kumsaidia. Kazi niliyoidhania ya saa mbili ilituchukua siku mbili. Tairi la pikipiki halikai kwenye rimu ya baiskeli, hivyo ilibidi anunue magurudumu mazima yaliyokwisha kutumika. Ekseli ya zamani ilikuwa fupi, na magurudumu mapya yakasugua ubavu wa bodi. Fundi wa kuchomelea akakata chuma kirefu na kinene zaidi. Kisha akajaza upepo mpaka tairi zikawa ngumu kama jiwe, na tulipofika korongoni mkokoteni ukazama vilevile.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila gurudumu hubeba kilo 75. Upepo ukiwa na mgandamizo wa kilo 2.5 kwa sentimita ya mraba, tairi hugusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 30, liwe pana au jembamba. Mgandamizo ukishushwa hadi 1.25, eneo hilo hufika 60, na ardhi hupumua. Faida ya tairi pana ni kwamba linastahimili kulegezwa bila rimu kugonga chini. Tukapunguza upepo, na mkokoteni ukavuka.

Nilipompongeza alinijibu, "Kaka, tairi hizi sikufunga kwa sababu ya mchanga peke yake. Tumeambiwa barabara mpya ya changarawe itapigwa marufuku kwa mikokoteni ya magurudumu membamba. Wanasema tunaichimba."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye historia, kwa maana hoja hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 250.

Mwaka 1753 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotaka magari makubwa ya mizigo yanayokokotwa na farasi yawe na magurudumu yenye upana wa inchi 9 yanapopita kwenye barabara za kulipia ushuru. Watunga sheria waliamini kwamba gurudumu jembamba hukata barabara, ilhali gurudumu pana huishindilia kama rola. Sheria zilizofuata ziliwapunguzia ushuru wenye magurudumu mapana. Wenye magari wakatafuta mwanya. Wakatengeneza magurudumu yaliyokuwa na upana wa kisheria, lakini yenye uso ulioinama au ukanda wa chuma uliochomoza katikati, hata sehemu iliyogusa ardhi ikabaki nyembamba. Ushuru ukapungua, barabara zikaendelea kusagika.

Aliyeigeuza hoja hiyo ni Mskoti John Loudon McAdam, aliyekabidhiwa usimamizi wa barabara za Bristol mwaka 1816. Kwa mtazamo wake, kosa lilikuwa kulilazimisha gari liifuate barabara, ilhali barabara ndiyo inayopaswa kujengwa iyabebe magari yaliyopo. Akasisitiza udongo mkavu uliotolewa maji, na juu yake tabaka la mawe madogo yaliyovunjwa. Gharama ikahama kutoka kwa msafiri kwenda kwa mwenye dhamana ya barabara. Kwa maoni yangu, uhamisho huo una uzito kuliko mawe yenyewe.

Kwetu historia ilifuata njia nyingine. Katika karne ya 19 mizigo kati ya pwani na maziwa makuu ilipita mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba kilo 30 hivi. Walikuwapo waliojaribu magurudumu. Mwaka 1877 mmisionari Roger Price alijaribu kusafiri kwa magari ya ng'ombe kutoka Saadani kuelekea bara, lakini ng'ombe wakafa kwa ugonjwa uenezwao na mbung'o. Mwaka huohuo Mackinnon na Buxton walianzisha barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Iliachwa mwaka 1881, bado ikiwa mbali sana na ziwa. Pale mnyama aliposhindwa, binadamu alitakiwa kuziba pengo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Leo katika soko lenye jina hilo wachukuzi wangali wanavuta mikokoteni kwa mikono.

Hata mpira wa tairi una deni lake. Robert William Thomson alisajili hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, lakini soko halikuwa tayari. John Boyd Dunlop alilivumbua upya mjini Belfast, akapata hataza mwaka 1888, wakati biashara ya baiskeli ikishamiri. Mahitaji ya mpira yakapanda, na katika Kongo ya Mfalme Leopold, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kugema mpira wa mwituni kwa bunduki na viboko. Ulaini wa tairi huko Ulaya ulilipiwa na watu ambao hawakuwa na gurudumu.

Sasa turudi Singida. Je, ni kweli kwamba mkokoteni unaichimba barabara? Gurudumu jembamba huacha alama kwenye changarawe iliyolowa, hilo silikatai. Lakini kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walifanya majaribio makubwa katika jimbo la Illinois, wakipitisha malori mfululizo juu ya barabara za majaribio. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana kanuni kwamba uharibifu huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya lori yenye tani 8 ina uzito mara 53 ya ekseli ya mdogo wangu yenye kilo 150. Kwa kanuni hiyo, pito moja la ekseli ile hulingana na mapito zaidi ya milioni 8 ya mkokoteni. Majaribio yale yalihusu lami na zege, kwa hiyo si kipimo kamili cha changarawe. Hata hivyo, tofauti ya mamilioni haiwezi kufutwa na aina ya barabara.

Mkokoteni unalaumiwa kwa sababu alama yake inaonekana na mwenyewe anakamatika. Lori hupita usiku, na mwenye lori anaye mtu wa kumpigia simu.

Kwenu wanafunzi wangu, na hasa ninyi mnaoandaa sheria ndogo katika halmashauri zetu, ombi langu ni fupi. Kabla ya kuandika upana wa gurudumu la mchuuzi wa maji, pimeni ekseli zote zinazopita, chimbeni mitaro ya kutoa maji, kisha muulize nani analipa nini. Uingereza ya mwaka 1753 ilianza na gurudumu, na ikachukua zaidi ya miaka 60 kufika kwa McAdam. Sisi tumekwisha kujua jibu, hatuna sababu ya kuanza upya.

Mdogo wangu hakusubiri mjadala huu uishe. Magurudumu mapana ameyafunga kwa fedha za mkopo, na deni hilo bado analilipa, dumu kwa dumu.