Gari la Kifahari Likiwa Bovu, Mombasa Lirudishwe kwa Nani?

Ukitoka kwenye lango la Ngome ya Yesu na kuvuka barabara, utakutana na jengo la mahakama ya zamani lililofunguliwa mwaka 1902. Siku hizi halisikizi kesi; liko mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na hutumika kwa maonyesho. Mahakama za sasa hazipo mbali, na asubuhi ya siku ya kazi kupata pa kuegesha gari mtaa huo ni kazi. Mawakili na wateja wao huja na magari ya heshima: Wajerumani wenye nembo ya nyota, Waingereza wa miili mipana, Wajapani wa viti vya ngozi. Swali la makala haya linayahusu magari ya aina hiyo. Moja likienda gereji mara nne kwa ugonjwa ule ule na lisipone, mwenyewe amrudishie nani?

Huko Marekani jibu ni jepesi: kiwanda kilicholiunda hulazimika kulinunua tena. Mombasa, jibu ambalo wengi hulijua ni kulipiga maji, kulipaka nta na kumtafutia mteja mwingine. Lakini haki ya kurudisha kitu kibovu si ngeni katika Mji wa Kale. Ilikuwa ikifuatwa sokoni hapa kabla Wareno hawajaanza kujenga ngome yao mwaka 1593.

Waislamu wa pwani hii tangu zamani ni wa madhehebu ya Imam Shafi, na fikihi yake ina mlango mzima wa hiyari ya aibu. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa mali, nayo inapunguza thamani yake, ana hiyari ya kuirudisha na kuchukua fedha zake. Sharti kubwa ni upesi. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, aliliweka jambo hili wazi katika Minhaj, kitabu ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1914. Aliyenunua mnyama akamwona na kasoro ni lazima aache kumtumia papo hapo. Hata kumwachia tandiko mgongoni kunahesabika kuwa ni kumtumia, na haki yake inaanguka. Ila kuna udhuru mmoja: mnyama mkaidi, asiyeswagika wala kukokoteka, huyo anaruhusiwa kumpanda ili amfikishe kwa aliyemuuza. Anayeliendesha polepole gari lenye giaboksi inayogonga, taa za hatari zikiwaka, kulirudisha kwa wakala, alishafikiriwa miaka zaidi ya mia saba iliyopita.

Kuna na hadithi mashuhuri ya mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae siku ya soko. Mnunuzi akifika nyumbani na kugundua kwamba amedanganywa, katika riwaya moja anapewa siku tatu za kumrudisha. Lakini hamrudishi mikono mitupu. Anaongeza pishi ya tende, kufidia maziwa aliyokwisha kunywa. Msomaji aiweke pishi hiyo akilini, tutakutana nayo tena mbali sana na hapa.

Mwingereza alipoutwaa ukanda wa pwani chini ya ulinzi wake mwaka 1895, makadhi hawakufutwa, ila uwanja wao ulibanwa hadi mambo ya nyumbani. Katiba ya 2010 imeuacha hapo hapo: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kesi ya kuuziana gari haimfikii kadhi hata kama muuzaji na mnunuzi wanaswali safu moja. Inaamuliwa kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1931, ambayo ni nakala ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Waliotunga ile ya Uingereza hawakuwa na gari akilini, kwani London ya 1893 ilikuwa bado inavutwa na farasi. Hata Mombasa, kabla ya magari kuzoeleka, wakubwa walisukumwa na watu kwenye vigari vya reli nyembamba.

Gari lilifika mahakamani upesi. Mwaka 1910 kampuni ya usafiri ya Bristol iliipeleka Fiat kortini. Ilikuwa imeieleza wazi kwamba inataka mabasi ya kubeba abiria katika mji wenye vilima na msongamano, na yaliyoletwa hayakuhimili kazi. Mahakama ya Rufaa ikampa mnunuzi haki. Kanuni iliyotoka humo ndiyo hiyo inayosomwa na mawakili wetu hadi leo: ukimwambia muuzaji unachokihitaji na ukamtegemea kwa ujuzi wake, kitu kiifae kazi hiyo.

Kesi mbili za mwaka 1987 ndizo zinazofaa kusimuliwa kwa urefu. Ya kwanza ni Rogers dhidi ya Parish. Mtu alinunua Range Rover mpya, ikasumbua, akabadilishiwa. Ya pili nayo ikaja na mafuta yanayovuja, giaboksi yenye kelele, injini inayokohoa na bodi yenye dosari. Kwa miezi sita na maili 5,500 ilikuwa ikiingia na kutoka gereji. Muuzaji alijitetea kwamba gari linaendeshwa, na tena lina garantii ya kiwanda, basi analalamikia nini? Jaji Mustill alikataa. Anayenunua gari la daraja hilo, alisema, hanunui chombo cha kumtoa hapa hadi pale tu. Ananunua starehe, urahisi na fahari ya kulimiliki. Garantii ni nyongeza kwa haki za mnunuzi, haiwezi kugeuzwa kuwa sababu ya kumnyang'anya alichostahili.

Ya pili ilimwendea mnunuzi kombo. Katika Bernstein dhidi ya Pamson, Nissan Laurel mpya ilizima barabarani baada ya wiki tatu na maili 140, yaani hata kutoka Mombasa hadi Voi na kurudi hazijatimia. Tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeziba njia ya mafuta ya injini. Jaji alikubali kwamba gari lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, lakini akasema wiki tatu zilitosha kulikagua, kwa hiyo mnunuzi alikwisha kulipokea na hawezi tena kulirudisha. Alipata fidia tu. Hukumu hiyo ililalamikiwa sana Uingereza, na kwa maoni yangu Nawawi asingeitoa: upesi anaoudai unaanza siku mnunuzi anapoijua kasoro, si siku anapokabidhiwa funguo. Hukumu za Uingereza hazimfungi jaji wa Kenya, ila maneno ya sheria yetu kuhusu kupokea mali ni yale yale ya 1893, na hatari ni ile ile.

Waingereza walimkamata muuzaji. Wamarekani walikwenda hatua mbele, wakamkamata mwenye kiwanda. California ilipitisha sheria yake ya garantii mwaka 1970, bunge la nchi nzima likafuata mwaka 1975, na mwaka 1982 jimbo la Connecticut likatoa sheria ya kwanza mahsusi ya magari sugu, yaani yale yasiyopona gereji. Leo kila jimbo lina yake. Msingi wake haubadiliki sana: kiwanda kikishapewa nafasi za kutosha za kulitengeneza gari, kwa kawaida mara tatu au nne kwa kasoro ile ile, na kikashindwa, kilibadilishe au kirudishe fedha.

Hapo ndipo tunapokutana tena na pishi ya tende. Huko California, kiwanda kinaponunua tena gari, kinaruhusiwa kukata thamani ya safari ambazo mteja alizifaidi kabla ya kulipeleka gereji kwa mara ya kwanza. Huchukuliwa maili za siku hiyo, zikagawanywa kwa 120,000, kisha zikazidishwa na bei. Gari la dola 60,000 lililoanza kusumbua likiwa na maili 12,000 litakatwa dola 6,000. Hakuna ushahidi kwamba watunga sheria wa jimbo hilo walisoma hadithi ya mnyama mwenye kiwele, lakini hesabu ni ile ile: rudisha kitu, na ulipie maziwa uliyokunywa.

Sehemu ninayoisifu zaidi inahusu gari baada ya kununuliwa tena. Kiwanda hakikatazwi kuliuza upya, ila California inataka hati yake ya umiliki iandikwe kwamba lilirudishwa, na fremu ya mlango wa mbele wa kushoto ibandikwe kibandiko kinachosema hivyo. Mnunuzi wa pili anaponyosha mkono kufungua mlango, habari iko usoni pake. Na magari yanaporudishwa kwa wingi, hata mahali pa kuyaweka huwa mtihani. Baada ya kashfa ya moshi wa dizeli, Volkswagen ilikubali mwaka 2016 kuyanunua tena au kuyarekebisha magari yapatayo 475,000 huko Marekani, yakiwemo ya Audi. Maelfu yaliegeshwa kwenye uwanja wa michezo uliofungwa Michigan na kwenye uwanja wa ndege wa jangwani Victorville.

Turudi Mombasa, kwenye bandari ya Kilindini. Kuna wakati aliyeliunganisha gari lako alikuwa jirani. Kiwanda cha AVA kilianza kuunganisha magari Mombasa katika miaka ya 1970, na wakala wa kampuni alikuwa na ofisi mjini yenye mlango wa kubisha. Mambo yaligeuka soko lilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo sehemu kubwa ya magari tunayoyasajili huja yametumika, hasa kutoka Japani, yakiwa na umri usiozidi miaka minane kwa mujibu wa kanuni ya KS 1515. Yale ya Marekani yenye kibandiko mlangoni hayatufikii, maana yana usukani wa kushoto na hapa hayasajiliwi. Ya Uingereza yana usukani wa upande wetu, nayo huja.

Chukua karatasi ya mnada wa Japani uisome. Katikati kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu. Pembeni kuna daraja, 4 au 3.5, na ukiona R ujue liligongwa likatengenezwa. Ni karatasi ya kweli kuliko nyingi zinazopita Mombasa, na baadhi ya yadi hazipendi kukuonyesha. Lakini hata ikionyeshwa, inasema habari za bati zaidi ya za tumbo. Haikuambii kompresa ya springi za hewa imebadilishwa mara ngapi, wala kwamba taa ya injini ilizimwa kwa kompyuta asubuhi ya mnada. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini nao hutazama siku moja ya maisha yake. Na logibuku ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itakupa namba ya chesisi, ukubwa wa injini na rangi. Historia ya gereji haimo.

Magari ya kifahari ndiyo yanayoumiza zaidi hapa, kwa sababu hushuka bei haraka baada ya miaka ya garantii kwisha, nayo hushuka kwa sababu mwenye nalo wa kwanza anajua kinachokuja. Mchumi George Akerlof aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1970, na miaka 31 baadaye akapata Tuzo ya Nobel: muuzaji akiwa anajua na mnunuzi hajui, magari mabaya huyafukuza mazuri sokoni. Mnunuzi wa Mombasa huona bei ya mteremko na nembo ya heshima. Miezi mitatu baadaye gari limelala chini upande mmoja kama ngamia aliyekataa safari, na fundi anaagiza spea Dubai. Kiwanda hakimjui, wakala wa hapa hakumuuzia, na muuzaji wa Japani alimaliza kazi yake siku fedha zilipoingia benki. Kwetu anayelinunua tena gari bovu si kiwanda, ni Mkenya mwenzako.

Sheria haikunyamaza kabisa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema haki zake haziwezi kufutwa kwa maneno ya mkataba, hivyo ule msemo wa yadi, «gari ndilo hilo, umeliona», hauna nguvu uliyokuwa nayo zamani. Sheria hiyo inamtaka hata mwenye gereji akupe makadirio kabla ya kazi. Kinachokosekana ni hesabu: mara ngapi za matengenezo, siku ngapi gereji, nani alipe. Afrika Kusini imeziandika tangu 2011. Mnunuzi ana miezi sita ya kurudisha kitu kibovu, na kikitengenezwa kisha kikaharibika tena ndani ya miezi mitatu, muuzaji hana budi kukibadilisha au kurudisha fedha.

Bunge letu lingeweza kuiga vifungu hivyo bila taabu kubwa, na NTSA ingeweza kuongeza mstari mmoja kwenye logibuku ya kielektroniki kwa gari lililorudishwa kwa muuzaji. Hadi hapo, msomaji aliyeuziwa gari sugu asiliendeshe wiki nzima akiwaza. Aliegeshe, amwandikie muuzaji siku ile ile, aweke nakala na risiti zote za gereji. Dai lisilozidi shilingi milioni moja hupokelewa na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa inayo, haihitaji wakili, na kwa sheria inatakiwa kuamua ndani ya siku 60.