Sakafu ya mbao ikifunguka, ni nani atalipa?

Nyumba imeisha, sakafu ya mbao inang'aa vernii, majirani wanapita kuangalia. Nyuma ya miezi michache jua la Julai linapiga, na kati ya mbao moja na nyingine kunafunguka mwanya ambamo kijiti cha kiberiti kinaingia bila shida. Mahali pengine ni kinyume: mvua ya Oktoba inaanza, mbao zinavimba, zinasukumana na kunyanyuka katikati ya salon, mlango haufunguke tena.

Mwenye nyumba anaita fundi. Fundi anasema: ni mbao. Muuza mbao anasema: mbao zangu zilikuwa nzuri, ni fundi. Neno «garanti», ambalo wote watatu walilitamka siku ya avansi, kila mmoja sasa analieleza kwa namna yake. Hapo ndipo pesa ya miaka ya kujinyima inakwama, na pia jina la fundi mu kartie nzima.

Makala hii inaeleza kwa nini sakafu inaharibika, sheria ya Kongo inasema nini, na mambo gani yafanywe mapema ili ugomvi usifike mbali.

Mbao inakunywa na inatoa maji

Mbao ngumu nyingi zinazouzwa Beni, Butembo, Bunia ao Goma, kama libuyu na muvula, zinatoka katika misitu, hasa upande wa Ituri. Mara nyingi zinapasuliwa palepale msituni na kupandishwa lori zikiwa mbichi.

Maji ya ndani ya mbao yanahesabiwa kwa uzito. Kipande cha gramu 130 ambacho, kikikaushwa kabisa, kinabaki gramu 100, kilikuwa na maji ya 30 kwa mia. Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kupita 50 kwa mia. Ndani ya nyumba ya kawaida katika miji ya milima ya mashariki, mbao inatulia karibu na 12 hadi 15 kwa mia.

Jambo ambalo linadanganya watu wengi ni hili: kutoka 50 mpaka karibu 30 kwa mia, mbao inapoteza uzito lakini upana wake haubadiliki. Inaonekana nyoofu, imekauka juu, fundi anaipiga randa na inakubali. Kupunguka kunaanza chini ya 30. Basi mbao inayoonekana nzuri kwenye depo inaweza kuwa bado haijaanza safari yake.

Chukua mfano wa chumba cha mita 4 kilichopangwa mbao za upana wa sentimita 15. Hapo kunaingia mbao 26 hivi. Kila moja ikipunguka 4 kwa mia tu, inapoteza milimita 6. Ukijumlisha zote unapata sentimita 15 na zaidi: ni kama mbao moja nzima imetoka chumbani bila mtu kuiba.

Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila sentimita 2,5 za unene. Katika joto inaweza kwenda haraka zaidi. Lakini wiki mbili nyuma ya lori kushusha mzigo hazitoshi, hata kama muuzaji ameapa.

Chini ya sakafu pia kuna maji

Si kila mara mbao ndiyo yenye kosa. Pale ambapo mbao zinabandikwa kwa kola juu ya sima, kama parke, unyevu wa sima unapanda na kuzivimbisha kutoka chini. Sima mpya inahitaji karibu wiki moja ya kukauka kwa kila sentimita ya unene, na ikipita sentimita 4 inahitaji muda mrefu zaidi.

Kuna jaribio lisilohitaji mashini. Kipande cha plastiki kisichopitisha maji, cha nusu mita kila upande, kinabandikwa juu ya sima kwa skochi pande zote nne, kisha kinaachwa usiku mzima. Asubuhi, kama kuna matone chini ya plastiki ao sima imekuwa nyeusi, parke haiwezi kuwekwa.

Katika nyumba za mbao, zile zinazojengwa kwa wingi Goma juu ya mawe ya volkano, sakafu inapigiliwa misumari juu ya miti ya kubeba. Pale hatari ni nyingine: hewa haipite chini, maji ya mvua yanaingia, mchwa wanapanda. Matundu ya hewa chini ya nyumba siyo mapambo. Yakizibwa, sakafu inaanza kuoza pole pole.

Tena, mbao zisishikane na ukuta. Mafundi wazuri wanaacha nafasi ya milimita 10 hadi 15 pande zote, kisha wanaifunika kwa ubao mwembamba. Bila nafasi hiyo, mbao zikivimba hazina pa kwenda isipokuwa juu.

Sheria inasema nini

Kongo bado inatumia sheria ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo wanasheria wanaita kitabu cha tatu cha kodi sivili. Mambo yake manne yanagusa moja kwa moja sakafu ya mbao.

La kwanza: mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale walioyafanya. Ndiyo kifungu cha 33. Kama mliandikiana kwamba fundi atarudi kutengeneza kwa mwaka mmoja bila malipo, anapaswa kurudi.

La pili: hata bila neno «garanti», muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupata pesa yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama muuzaji alijua kasoro, anaweza kudaiwa pia fidia. Lakini kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe haihesabiwe. Ubao uliopinda mbele ya macho yako depo, umeununua na upindaji wake. Na mnunuzi asikawie: sheria inataka malalamiko yafanywe kwa muda mfupi.

La tatu: kuuza mbao na kufanya kazi ni mapatano mawili tofauti. Fundi aliyeleta mikono yake tu anajibu juu ya kosa lake. Fundi aliyeleta na mbao anabeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la ugomvi wote ni hili: nani alinunua mbao, na fakture iko kwa jina la nani?

La nne: kwa kitu chenye thamani kubwa, sheria inataka ushahidi wa maandishi. Mashahidi wa mdomo peke yao wanaweza kukataliwa.

Kabla ya msumari wa kwanza

Mambo yafuatayo hayagharimu sana, na yanalinda pande zote:

– Mbao ziletwe mapema na zipangwe ndani ya nyumba yenyewe, vijiti vikiwekwa katikati ili hewa ipite.
– Kipande kimoja kipewe alama na kipimwe kila wiki kwenye mizani ileile. Uzito ukikaa vilevile wiki tatu ao ine, mbao imetulia. Ukiendelea kushuka, bado. Tarehe na uzito viandikwe, na wote watie sahihi.
– Karatasi ya mapatano iseme aina ya mbao, unene, nani amenunua, bei, muda wa garanti, na kitu gani kiko nje ya garanti, kama bomba kupasuka ao nyumba kusafishwa kwa ndoo za maji.
– Sehemu ya malipo ibaki mpaka majira ya mvua na ya kiangazi yapite, kama fundi anakubali na imeandikwa.
– Fundi akiona mbao ni mbichi na mwenye nyumba anamsukuma kumaliza kabla ya sherehe, aandike onyo lake, hata kwa ujumbe wa simu. Akinyamaza na kupigilia, baadaye itakuwa vigumu kujitetea.

Ugomvi ukisha kuanza

Sakafu isibomolewe haraka. Ikingolewa, ushahidi umekwenda. Picha zipigwe, na mita ya kupimia iwekwe kando ya mwanya. Kisha fundi mwingine asiye wa upande wowote aje aangalie, mbele ya wote.

Barua inafuata, yenye tarehe, inayoeleza kasoro na kutoa siku za kujibu. Nakala isainiwe na aliyeipokea. Bila barua hiyo kudai fidia kunakuwa na shida. Wengi wanapatana hapo, mbele ya shefu wa kartie ao wazee wa kazi: mwenye mbao anatoa mbao, fundi anatoa siku zake. Ikishindikana, tribinali ya amani inapokea kesi za madai madogo.

Kitu kimoja hakifai: kumpeleka fundi kachoni kwa sababu sakafu imefunguka. Mapatano kama haya ni jambo la sivili. Mkataba wa kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambao Kongo iliingia mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Udanganyifu wa kweli, kama kukula pesa ya mbao na kukimbia, ni kesi nyingine.

Na fundi aliye kachoni hawezi kutengeneza sakafu. Mara nyingi mbao zilizofunguka zinaweza kungolewa, kuachwa zitulie, kusogezwa pamoja na kuongezewa ubao mmoja mwishoni, ule uleule uliopotea.