Wahadzabe: Kibali cha kuwinda hakimfanyi kijana kuwa mwindaji

KATIKA vijiji vya Oldonyo Sambu, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, upinde si kitu kigeni. Kwa mila, kijana wa Kimaasai aliyetoka jandoni huvaa nguo nyeusi, huwinda ndege wadogo kwa mishale butu na kuwapanga kichwani mwake kama taji. Mshale mwingine mfupi hutumika kutoboa mshipa wa shingo ya ng’ombe ili kukinga damu bila kumwua.

Lakini upinde huo haukusudiwi swala. Wamaasai ni wafugaji, na mila yao haikuitukuza nyama ya porini. Sheria nayo haimpi mkazi wa Oldonyo Sambu nafuu yoyote: akimwangusha swala bila leseni, ana kosa sawa na mkazi wa Njiro au Sakina mjini Arusha.

Kusini magharibi mwa Ngorongoro, kandokando ya Ziwa Eyasi, hali ni tofauti. Huko wanaishi Wahadzabe, jamii ya watu wapatao 1,000 hivi au zaidi kidogo, ambao lugha yao yenye sauti za kudoa haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote duniani. Baadhi yao bado wanaishi kwa nyama ya porini, asali, ubuyu, matunda na mizizi.

Wahadzabe wameruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula kwa silaha zao za jadi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inazitambua jamii za asili ambazo utamaduni na maisha yao ya kila siku hutegemea wanyamapori, na kuweka utaratibu wa leseni kwa ajili yao. Ruhusa hiyo si ya kila mnyama. Twiga, kwa mfano, analindwa na haruhusiwi kuwindwa.

Hata hivyo, kibali kinaweza kuandikwa kwa siku moja. Kumwandaa kijana atakayekitumia huchukua karibu miaka 20.

Mafunzo yaanza utotoni

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Ni upinde mdogo unaolingana na mkono wake, na mishale yake ni ya mti mtupu.

Hakuna darasa wala ratiba. Watoto hulenga shabaha karibu na kambi kwa saa nyingi, kisha huhamia kwa mijusi, ndege, panya na pimbi. Wanachokipata hukichoma na kukila wenyewe. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba mshale uliokosa ni mlo uliokosekana.

Afikapo ujanani, hutengeneza silaha zake mwenyewe. Mti huchongwa, hupashwa moto na kunyooshwa, na upote hutokana na kano za wanyama. Vipimo vya watafiti vilionyesha kuwa kuuvuta upinde wa mwanamume mzima huhitaji nguvu ya wastani wa kilo 31 hivi. Kijana asiyezoea kazi hiyo tangu utotoni hawezi kuuvuta hadi mwisho, sembuse kuushikilia huku akilenga.

Mishale nayo hutofautiana. Upo wenye ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, na upo wenye chembe cha chuma, ambacho mara nyingi hupondwa kutokana na msumari au hupatikana kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga. Wano hunyooshwa kwa moto na meno, kisha hufungwa manyoya ya ndege, kama vile kanga, ili mshale usiyumbe.

Sumu na subira

Kwa wanyama wakubwa, chembe cha chuma hupakwa sumu inayotokana na utomvu wa waridi la jangwani au mbegu za mmea wa jamii ya Strophanthus. Sumu zote mbili hushambulia moyo. Kwa sababu hiyo kijana hufundishwa kuifunga ngozi kwenye chembe chenye sumu na kutokichezea kambini.

Mwindaji hutoka mara nyingi peke yake, alfajiri. Hupima upepo ili harufu yake isimtangulie, husoma nyayo na kinyesi, na husogea hadi mita chache kutoka kwa swala pala au tandala.

Mshale ukishapata, kosa kubwa la kijana ni kukimbia nyuma ya mnyama. Mnyama anayefukuzwa huenda mbali kabla sumu haijafanya kazi, na huweza kuangukia mikononi mwa fisi. Wazee hufundisha kusubiri, kisha kufuata nyayo polepole. Ikibidi, mwindaji hurejea kambini na kuendelea na ufuatiliaji akiwa na wenzake.

Subira hiyo inahitajika pia kwa siku za mikono mitupu. Watafiti waliowafuata wawindaji hao katika miaka ya 1980 walibaini kuwa mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa mara moja tu katika siku 29 hivi za kuwinda. Ndiyo maana nyama hugawanywa kambi nzima: anayegawa leo ndiye atakayegawiwa kesho.

Kwa Wahadzabe, mnyama mkubwa wa kwanza ndiye cheti cha kijana. Baada ya hapo, kwa kawaida akiwa na miaka ya 20 na ushei, hukubaliwa miongoni mwa wanaume wa epeme, ambao hula pamoja sehemu maalumu za mnyama, ukiwamo moyo na figo, mbali na wanawake na watoto.

Ardhi ndiyo kibali kikubwa

Tatizo ni kwamba kibali hakiongezi swala. Upande wa Mangola, wilayani Karatu, kilimo cha vitunguu cha umwagiliaji na ongezeko la mifugo vimewasukuma wanyama mbali. Kambi zilizo karibu na barabara hupokea watalii wanaotaka kuona uwindaji, na mara nyingi kinachorudi na vijana ni ndege au mnyama mdogo.

Majaribio ya kubadili maisha ya jamii hiyo ni ya muda mrefu. Mwaka 1964 Serikali iliwahamishia wengi wao katika makazi ya kudumu Yaeda Chini, lakini baada ya muda mfupi wengi walirejea porini. Mwaka 2007 mpango wa kuikabidhi sehemu ya Bonde la Yaeda kwa kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Umoja wa Falme za Kiarabu ulizua malalamiko makubwa, na kampuni hiyo ikajiondoa kabla ya mwaka kwisha.

Hatua iliyobadili mambo ilikuja Oktoba 2011, Wahadzabe wa bonde hilo walipopata hati ya kimila ya kumiliki kwa pamoja zaidi ya hekta 20,000. Tangu hapo wamekuwa pia wakipata fedha kutokana na mauzo ya hewa ya ukaa, kwa kuulinda msitu usifyekwe, na baadhi ya vijana wao wameajiriwa kuwa walinzi wa ardhi hiyo.

Shule nayo ni swali lisilo na jibu jepesi. Mtoto anayesoma bweni hupata elimu ya kuitetea jamii yake mbele ya ofisi za Serikali, lakini miaka anayokuwa bwenini ndiyo ile ambayo mkono hujifunza upinde na jicho hujifunza nyayo.

Kwa Wahadzabe, kwa hiyo, leseni ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Kijana anahitaji mti wa kuchonga upinde, mzee wa kumfundisha na pori ambalo swala bado anapita. Kimoja kikikosekana, ruhusa hubaki kwenye karatasi.