Airtel ni mtoto wa nani?

Leo naweka pembeni habari za msosi wa kantini. Jana usiku chumbani kwetu ulizuka ubishi mpaka jirani akagonga ukuta. Mshikaji mmoja kasema Airtel ni ya Wahindi, kwisha habari. Mwingine akaruka: hapana bwana, ile ni mali ya TTCL, Rais Magufuli mwenyewe alishasema! Nikafanywa refa, na sikutoa jibu. Nimelala nalo, ngoja nilitoe hapa.

Tuanzie mbali kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu nalo likafa. Tanzania tukabaki na shirika letu, barua na simu nyumba moja. Ikaja sheria ya mawasiliano ya mwaka 1993, posta ikashika njia yake, na mwaka 1994 simu ikawa TTCL. Mwaka huohuo Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam. Enzi hizo mwenye mobitel (hata jina la kampuni liligeuka jina la kifaa!) alikuwa mtu mzito. Baadaye ikaja Tritel, ambayo ilikuja kufutiwa leseni, halafu Zantel kule Visiwani mwaka 1999. Agosti 2000 ikaingia Vodacom.

Sasa angalieni TTCL ilikuwa wapi. Mwaka 2001 ilikuwa na laini za mezani zisizofika laki mbili, katika nchi ambayo sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu milioni 34. Fedha za kupanua hakuna, na upepo wa ubinafsishaji ulikuwa unavuma. Serikali ikauza asilimia 35 ya hisa kwa MSI, kampuni iliyokuwa na mtandao wa Celtel, ikishirikiana na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Ililipwa milioni 60, zilizobaki zikageuka ugomvi kuhusu hesabu za kampuni.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2001 mama akajifungua. Celtel Tanzania ilianza ikiwa ndani ya ukoo wa TTCL. Mjomba wangu ni mteja wa tangu siku hizo. Namba yake ilianza na 0748, ikaja kubadilishwa kuwa 0784, na mpaka leo anayo.

Mwaka 2005 ndipo penye kisa chote. TTCL na Celtel zikatenganishwa. Serikali ikabaki na asilimia 40 ya Celtel, wawekezaji wakachukua 60. Upande wa TTCL serikali ikawa na 65, na wawekezaji wakaendelea kushika zile 35 zao. Yaani serikali kama serikali ilipata kitu, lakini TTCL kama kampuni iliondoka mikono mitupu. Mtoto akaondoka na simu za mkononi, mama akabaki na nguzo na nyaya wakati watu wanazikimbia simu za mezani. Alipojaribu kuwafuata wateja alikuja na CDMA, wakati nchi nzima ilishazoea GSM.

Mtoto naye akawa anabadilishwa majina. Mwaka 2008 akaitwa Zain, maana wenye mali walikuwa Wakuwaiti. Mwaka 2010 Bharti ya India ikanunua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7, na jina likawa Airtel. Mjomba hakubadilisha hata laini. Kabadilishiwa mwenye nyumba mara tatu akiwa amekaa kwake.

Serikali ilizinunua zile asilimia 35 za TTCL mwaka 2016, kwa shilingi bilioni 14.9. Desemba 2017 Magufuli akasema hadharani kwamba kwa taarifa alizonazo Airtel ni mali ya TTCL, akaagiza ichunguzwe. Mazungumzo yakachukua muda, na mwaka 2019 pande mbili zikakubaliana: hisa za serikali zipande kutoka 40 hadi 49.

Kwa hiyo refa anapuliza filimbi: wote mmekosa na wote mmepatia. Bharti ndiyo yenye nyingi, 51. Zile 49 ni za serikali. Za TTCL yenyewe ni sifuri.

Lakini nilipofika hapo nikajiuliza swali gumu zaidi. Je, wasingetengana, TTCL ingekuwa inaongoza soko leo? Ukweli, sina hakika ya kuapa. Vodacom ilikuja mwaka 2000 bila mama wala nyaya za kurithi, ikapanda kileleni na kukaa. Ilipanda kwa minara na vocha, na mwaka 2008 ikaongeza M-Pesa. Halotel ya Wavietnamu ilianza mwaka 2015 na yenyewe ikampita mama. Leo wanaogombania kilele ni Vodacom, Airtel na Yas (ndiyo ileile Mobitel, ikapitia Buzz na Tigo, jina jipya limekuja 2024). Halotel inafuata, na TTCL iko mkiani.

Ninachoona mimi ni hiki. Kuuza hisa halikuwa kosa la kutisha, kwani fedha hazikuwepo. Kosa ni kugawana kwa kuhesabu mali ya jana. Mwaka 2005 kila mtu mtaani alishaona simu ya mkononi ndiyo kesho, mama fundi nguo na konda wote walikuwa nayo, na bado kampuni ya taifa iliachwa na upande wa jana. Hizo 9 za nyongeza zilipatikana miaka 14 baadaye, kwa mkutano na kuvutana.

Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto kazaliwa nyumbani kwa TTCL, hilo halifutiki. Ila urithi haugawanywi kwa methali, unagawanywa kwa karatasi, na karatasi tulishasaini.

Haya, mshikaji wa pili anadai soda yake eti kashinda. Nimemwambia atapata asilimia 49 ya chupa. Tuonane wiki ijayo.