Motokaa ya Umeme na Mizani ya Mnunuzi

Watu wengi wasikiapo habari ya motokaa ya umeme hudhani kuwa ni chombo kipya kilichozuka jana. Kumbe motokaa hiyo ni kongwe. Ilikuwa ikipita katika njia za miji ya Ulaya na Marekani kabla reli iliyotoka Mombasa haijafika Nairobi mwaka 1899. Ilipata kupendwa na wenye mali, kisha ikaachwa hata karibu isahauliwe, na katika siku zetu imerudi tena. Habari yake yafaa kuchunguzwa, kwa maana maswali aliyojiuliza mnunuzi wa zamani ndiyo yale yale anayojiuliza mnunuzi wa Kisumu au Nakuru leo. Nitainunua kwa kiasi gani? Itanifikisha wapi? Nitaijaza wapi? Na betri yake ikichoka, ni nani atakayelipa?

Asili ya chombo hiki ni betri. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya mabamba ya risasi yaliyotiwa katika tindikali, ambayo ikiishiwa nguvu yaweza kujazwa tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliitengeneza vizuri zaidi hata ikaweza kuhifadhi umeme mwingi, na mwaka huo huo Gustave Trouvé akaendesha gari dogo la umeme la magurudumu matatu katika mji wa Paris. Mwaka 1897 teksi za umeme za Walter Bersey zilianza kuchukua abiria London. Tena tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alipita mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa katika motokaa ya umeme. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na dereva wa motokaa ya aina yoyote aliyefikia mwendo huo.

Huko Marekani nako mambo yalikuwa vivyo hivyo. Katika mwaka 1900 viwanda vya nchi ile vilitengeneza motokaa 4,192. Katika hizo, 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Mtu aliyezitazama hesabu hizo mwaka ule angaliweza kusema kwa haki kwamba petroli ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kupendwa kwa motokaa ya umeme kulikuwa na sababu. Motokaa ya mvuke ilimlazimu mwenyewe kungoja maji yapate moto, na asubuhi za baridi kungoja huko kuliweza kufika dakika 45. Ile ya petroli ilinuka, ilitoa moshi na kelele, na gia zake zilikuwa ngumu. Zaidi ya hayo, ilibidi kuiwasha kwa kuzungusha hendeli ya chuma kwa nguvu, na hendeli hiyo ikirudi nyuma ghafula iliweza kumvunja mtu mkono. Motokaa ya umeme haikuwa na taabu hizo. Mtu aliketi, akasukuma mkono wa kuiongozea, akaondoka pasipo kelele. Kwa hiyo ilipendwa na madaktari walioitwa usiku kwenda kwa wagonjwa, na mabibi wa mijini waliotaka kujiendesha wenyewe. Hata Clara Ford, mkewe Henry Ford, aliendesha motokaa ya umeme ya Detroit Electric ya mwaka 1914. Mumewe ndiye aliyekuwa akiijaza nchi motokaa za petroli.

Basi kwa nini ilishindwa? Aghalabu husemwa kwamba ilishindwa kwa kuwa ilikuwa chombo duni. Jibu hilo ni jepesi mno. Tukitaka ukweli hatuna budi kupima mambo matatu: bei, safari, na nchi yenyewe.

Tuanze na bei. Mwaka 1908 Ford alitoa motokaa yake iliyoitwa Model T, na mwaka 1913 akaanza kuiunda kwa mpango mpya, ambapo gari hupita mbele ya mafundi na kila fundi huongeza kipande chake. Gharama ikashuka mwaka hata mwaka. Mwaka 1912 motokaa ya petroli iliweza kupatikana kwa yapata dola 650, na ndogo ya umeme iliuzwa dola 1,750. Ilipofika mwaka 1925, Model T ya bei ya chini iliuzwa dola 260. Betri za risasi zilichakaa, zikahitaji kubadilishwa. Thomas Edison alitengeneza betri ya nikeli na chuma iliyodumu zaidi, lakini mnunuzi wa Detroit Electric aliyeitaka aliongezwa dola 600. Kwa fedha hizo za betri peke yake mtu angalikuwa karibu na kununua motokaa nzima ya petroli.

La pili ni safari. Motokaa ya Detroit Electric ilikwenda yapata kilomita 130 kabla ya kujazwa tena, kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa. Kwa daktari wa mjini hayo yalitosha kabisa. Lakini barabara za kuunganisha miji zilipoanza kutengenezwa, watu wakatamani kwenda mbali, na mwenye motokaa ya umeme akawa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Alikula majani ya karibu na kigingi chake tu.

La tatu ni nchi, na hapa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Mwaka 1901 mafuta mengi yalifumka kutoka ardhini huko Spindletop, Texas, na katika miaka iliyofuata petroli ikawa rahisi kupatikana. Iliweza kutiwa katika debe na kuuzwa katika duka la kijijini. Umeme hauchukuliwi katika debe. Hata katikati ya miaka ya 1930, mashamba tisa katika kumi ya Marekani hayakuwa na umeme. Mkulima wa huko angaliijaza wapi motokaa yake? Kisha mwaka 1912 motokaa za Cadillac zilitoka zikiwa na kiwashio cha umeme kilichobuniwa na Charles Kettering, na ile hendeli ya kuvunja mikono ikaanza kuachwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Umeme wenyewe ndio ulioiondolea motokaa ya petroli aibu yake kubwa. Kampuni ya Detroit Electric ilijikokota hata mwaka 1939, ikafunga.

Walakini si kila mahali iliposhindwa. Kule Uingereza magari ya umeme ya kupelekea watu maziwa majumbani yaliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Njia yao ilikuwa fupi na ilijulikana. Yalisimama mara kwa mara, na kazi ikiisha yalirudi mahali pamoja yakajazwa. Na katika mji wa Hartford, Marekani, tangu mwaka 1910 hata 1924, kampuni ya umeme ilikuwa na mpango wa busara. Mwenye lori alinunua lori bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni, naye alilipa ada ya mwezi na malipo kwa kadiri ya mwendo aliokwenda, na ikiisha nguvu alibadilishiwa nyingine. Hivyo hofu ya betri kuchakaa ilimtoka mwenye lori ikawa juu ya kampuni.

Sasa tuitazame mizani hiyo katika siku zetu. Betri ya lithiamu, ambayo Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991, imebadili mambo. Mwaka 2010 betri ya motokaa iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya umeme inayohifadhiwa. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Mwanafunzi apige hesabu: betri ya uniti 40 ilizidi dola 40,000 kwa bei ya kwanza, na kwa bei ya pili ni dola 4,600. Bei iliyoiua motokaa ya umeme imeanguka sana, ingawa haijaisha.

Nchi yetu nayo ina jambo ambalo mkulima wa Marekani wa zamani hakuwa nalo. Petroli yetu huja kwa meli kutoka ng'ambo, lakini yapata sehemu tisa katika kumi za umeme wetu hutoka kwa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria, na kwa maji, upepo na jua. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi katika saa ambazo watu wengi hawautumii. Tangu mwaka 2022 mabasi ya umeme yameonekana Nairobi, na wenye mabasi wameweza kulipia betri kwa kila kilomita. Mpango huo ni ndugu wa ule wa Hartford.

Hata hivyo mnunuzi asikimbilie. Motokaa ndogo ya umeme hutumia yapata uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100, na ya petroli lita 6 hadi 8. Kila mmoja aulize bei ya uniti na bei ya lita mahali anapokaa, ahesabu mwenyewe; ataona kwamba mwendo wa umeme una nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo huja kidogo kidogo, na bei ya kununua hutolewa kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba cha mtu aendaye kanisani na sokoni tu huchelewa sana kujaa. Dereva wa teksi azungukaye mjini mchana kutwa hukijaza upesi. Tena anayekaa katika nyumba ya kupanga ghorofani, asiye na mahali pa kuvuta waya, au anayesafiri mara kwa mara hadi Wajir au Lodwar, bado yumo katika hali ya yule mkulima wa miaka ya 1930. Na anayenunua motokaa iliyokwisha kutumika ng'ambo, asipopima nguvu iliyosalia katika betri, aweza kununua gamba tupu.

Basi historia haituambii kwamba motokaa ya umeme ni njema wala mbaya. Yatufundisha kwamba chombo hakipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na safari ya mwenyewe, barabara zake, na waya zinazofika mlangoni pake. Wamarekani wa zamani walichagua petroli, na kwa hali yao hawakukosea. Hali ya kwetu ni nyingine, nayo yaendelea kubadilika. Ninyi mnaosoma leo ndio mtakaoamua waya hizo zifike wapi, na kwa kuamua hivyo mtakuwa mmeamua pia ni motokaa gani itakayowafaa watu wa Kenya.