Wanajeshi wapenzi wa jinsia moja (Tanzania)

Tanzania humpima askari shoga au msagaji kwa sheria ya jinai inayomhusu kila raia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa utawala wa Waingereza, kinaharamisha kujamiiana "kinyume cha maumbile". Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu yake ni hadi kifungo cha maisha na isiyopungua miaka 30. Zanzibar iliwataja wanawake waziwazi mwaka 2004, kwa kifungo cha hadi miaka 5.

Sheria hiyo inaingia jeshini kupitia mlango wa ajira. Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) humtaka kijana awe hajaoa wala kuolewa, mwenye tabia na mwenendo mzuri, na asiwe amewahi kufungwa kwa kosa la jinai. Kijana wa Mbagala au Tandale aliyefungwa kwa kifungu hicho hana haja ya kuuliza fomu.

Hoja inayosikika zaidi ni ya nidhamu: kuruta hulala pamoja hangani na hutii amri bila kuhoji, hivyo mapenzi yataivuruga kombania. Ina uzito, ila inamgusa pia afande wa kiume na kuruta wa kike. Katika hali hiyo huadhibiwa aliyetumia cheo vibaya. Hakuna anayependekeza wanaume wote wafukuzwe. Kipimo hicho kikitumika upande mmoja tu, haki haipo.

Waingereza walishikilia hoja hiyohiyo hadi Septemba 1999, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipowapa ushindi Smith na Grady, waliofukuzwa Jeshi la Anga baada ya kuhojiwa mambo yao ya faragha. Marufuku ya mashoga jeshini iliondolewa Januari 2000, na jeshi halikusambaratika.

Kanada inatuhusu kwa karibu zaidi. Baada ya maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Kinondoni, jeshi la zamani lilivunjwa na JWTZ likazaliwa Septemba mwaka huohuo. Kati ya 1965 na 1970 maofisa wa Kanada walisaidia kulifunza. Wakati huo jeshi lao lenyewe lilikuwa likiwachunguza na kuwafukuza mashoga, jambo lililoendelea hadi kesi ya Michelle Douglas, ofisa wake wa zamani, ilipoikomesha marufuku mwaka 1992. Serikali yao iliomba radhi Novemba 2017.

Dar es Salaam ilikwenda upande mwingine. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa, Paul Makonda, alitangaza msako wa mashoga. Serikali ilisema hayo ni maoni yake binafsi, lakini kifungu cha 154 hakikuguswa.

Mabadiliko hayawezi kuanzia katika kambi za jeshi kama Lugalo au Mgulani. Kamanda hana mamlaka ya kufuta kosa la jinai; mamlaka hayo ni ya Bunge.